Kaptula Haziingii Kwa Mama Maria

Jumapili, 3 Agosti 1958

Siku kubwa! Padri Donato ametangaza baada ya misa kwamba groto letu, pango la mawe la Mama Maria, litafunguliwa tarehe 15, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mahujaji watatoka Njoro yote, Elburgon, Molo, hata Nakuru mjini. Sharti waje na heshima. Wanawake: kichwa kimefunikwa, mabega yamefunikwa, gauni limepita magoti. Wanaume: kofia mkononi, na hakuna kaptula. Mtu akija na magoti nje, hata awe nani, atasali akiwa nje ya ua.

Kanisa zima likainama kujitazama magoti. Sisi ni watu wa kaptula hapa. Bwana Korongo, mzungu mwenye shamba, hataki mfanyakazi avae suruali ndefu. Anasema mtu wa suruali ndefu hainami kufanya kazi. Jina la Korongo tumempa sisi, kwa ajili ya miguu yake, maana naye huvaa kaptula mwaka mzima na miguu yote tunaiona.

Halafu Padri akaongeza kwamba anatafuta mngoja mlango, wa kuwakagua watu pale langoni. Atavaa ukanda wa buluu kutoka begani.

Ukanda wa buluu! Sikusikia tena matangazo mengine. Mwezi wa sita nilimposa Wachuka, mjane mwenye cherehani pale senta. Hakukataa. Hakukubali pia. Alisema atanijibu karibu na sikukuu, kwanza anataka kuona mimi ni mtu wa namna gani. Sasa ataona! Yeye ndiye aliyepewa kikapu cha leso za kuwaazima wanawake watakaokuja bila kujifunika, na atakaa papo hapo langoni. Mimi na ukanda, yeye na kikapu. Imebaki harusi tu.

Tatizo ni moja. Kimaiyo wa trekta pia anautaka ukanda. Alikwenda vita vya Burma na jeshi la KAR akarudi na suruali ndefu ya kaki. Mimi, Akilino Nyongesa, karani wa kupima maziwa, mtu wa kusoma na kuandika, sina suruali. Tena Kimaiyo anapeleka mashati kwa Wachuka mno, ati vifungo vimekatika. Mtu gani hukatikiwa na vifungo kila wiki?

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda misioni kwa jambo la dhamiri. Nilimweleza Padri, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba suruali ya Kimaiyo ni ya vita. Imetembea penye damu. Je, inafaa mbele ya Mama Mtakatifu? Sikusema zaidi. Nilishusha pumzi tu na kutazama chini.

Padri alifikiri sana. Akasema nimenena vizuri. Akaagiza Kimaiyo alete suruali. Akaibariki! Kwa maji ya baraka, mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyeshika ndoo.

Sasa Kimaiyo ndiye mtu pekee kutoka hapa hadi Nakuru mwenye suruali iliyobarikiwa. Haketi tena, anaogopa isikunjike. Jioni alikuja deri, ninapopimia maziwa, kunishukuru kwa kumtaja kwa Padri. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Sijui kama alikuwa ananicheka. Nadhani hana akili hiyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda kwa Wachuka kuagiza suruali. Foleni! Shamba zima liko pale, na mashamba ya jirani pia. Duka la Mhindi kaki imekwisha, drili imekwisha, sasa wanaume wananunua kitambaa cha mapazia. Wakati wa sikukuu tutafanana na madirisha.

Nilimwomba anishonee kwanza, kwa kuwa sisi ni karibu nyumba moja. Akajibu, na pini ziko mdomoni, kwamba kwenye foleni hakuna nyumba. Watu wakacheka. Hata hivyo alinipima. Kiuno, mguu, paja. Hakuandika popote. Nikamuuliza atakumbukaje. Akasema atakumbuka. Akasema tuone kwanza kama kaki itapatikana Nakuru, labda.

Labda! Nalijua neno hilo. Ni neno la mtu anayekuonea aibu kukukatalia mbele ya watu. Siwezi kumtegemea mtu mwenye kazi nyingi hivyo. Lazima nijitegemee mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeshinda! Mimi ndiye mngoja mlango! Padri alisema mbele ya kanisa lote kwamba mtu anayehangaikia sana nguo za wengine atafaa langoni. Nadhani ilikuwa sifa. Kimaiyo amepewa kubeba sanamu pamoja na wanaume wengine watatu. Kazi ya mabega tu.

Wachuka aligeuka kwenye benchi akanitazama. Alitabasamu. Sio tabasamu kubwa, lakini lilikuwa langu.

Baada ya misa Padri akaniuliza kama suruali ndefu ninayo. Nikamwambia iko njiani. Sikusema uongo. Vitu vingi viko njiani.

Jumanne, 12 Agosti

Iko! Mungu hamtupi mja wake!

Nimepita nyuma ya nyumba ya Bwana Korongo kupeleka krimu jikoni. Kwenye kamba ya dobi, katikati ya shuka, nimeona suruali ndefu ya flaneli, rangi ya kijivu, imefuliwa, inakauka. Ni suruali ya suti yake ya mazishi. Huitoa sandukuni mtu akifa tu, na mwaka huu hajafa mzungu yeyote tunayemjua. Lazima imefuliwa kwa sababu ya nondo.

Nikafikiri. Nguo isiyovaliwa inahuzunika. Bwana hataihitaji. Ningemwomba ningemsumbua bure. Kwa hiyo nimeiazima bila kumsumbua. Sikumsumbua hata Karanja, dobi wake, aliyekuwa ndani anapiga pasi. Jumamosi itarudi kwenye kamba, na hakuna atakayejua ilikwenda kwa Mama Maria ikarudi na neema.

Nimeijaribu. Bwana ana miguu ya korongo lakini tumbo ni la mtu anayekula siagi. Miguu imenizidi kwa kipande kizuri. Kiuno tungeweza kuingia wawili. Hilo ni jambo la sindano.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeipeleka kwa Wachuka aipunguze. Nilimwambia ni ya mjomba wangu wa Kimilili, mtu mrefu sana. Aliishika. Akaigeuza ndani nje, akatazama kiraka kidogo nyuma ya goti. Akapitisha kidole juu ya kile kiraka kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anavutiwa na kazi ya fundi aliyekishona.

Akasema hawezi kukata nguo ya mtu. Akaniambia niirudishe kwa mjomba leo hii, kabla jua halijatua. Kisha akasema nipite kwake kesho jioni, Alhamisi, na kaptula yangu hii hii. Akarudia: nipite, nisikose. Macho yake yalikuwa yanasema jambo.

Wanawake! Anataka kunisimanga kwa sababu nimepata suruali bila yeye. Wivu wa fundi. Nimemwitikia vizuri, nikakunja suruali yangu, nikaenda.

Jioni kelele kubwa nyumbani kwa Bwana. Anaitafuta suruali. Kumbe aliifulisha kwa makusudi! Padri amemwalika kwenye groto ili amshukuru, maana mawe yalitoka kwenye machimbo yake na maji ya chemchemi ni ya bomba lake. Aliambiwa kuhusu kaptula, na ati amesema sheria ni sheria. Amemwambia Karanja kwamba isipoonekana kufikia Jumamosi, afungashe yeye na watoto waondoke shambani.

Nimemwonea Karanja huruma sana. Nimemsalia rozari nzima. Kuirudisha sasa ni hatari, maana kamba inalindwa na mbwa wawili. Lakini Jumamosi bado ni Jumamosi, na sikukuu ni Ijumaa. Nikiirudisha Jumamosi asubuhi na mapema Karanja amepona. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemwokoa, na sitadai shukrani.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku nzima mazoezi. Nimekunja miguu ya suruali kwa ndani nikaibana na pini. Nimeacha kaptula yangu ndani ili kiuno kishike, na juu nimefunga kamba ya katani. Kutembea: vizuri. Kusimama: vizuri sana. Kugeuka: polepole. Kupiga magoti: sijajaribu, pini zinachoma.

Nilikumbuka ya kwa Wachuka jua likiwa limekwisha kuzama. Sikwenda. Ningekwenda na kaptula, kesho angeniona na suruali ndefu, utamu ungepungua. Acha anione mara moja, nimekamilika.

Ijumaa, 15 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Baridi, ukungu, halafu jua. Watu wengi hivyo sijapata kuona. Nilikuwa langoni na ukanda wa buluu na suruali ya flaneli. Wachuka alikuwa kwenye kigoda upande wa pili na kikapu chake. Aliitazama suruali, akanitazama mimi, kisha akakifunika kikapu vizuri na kitambaa. Hakunisalimu. Nikasema moyoni, ameshikwa na haya.

Nilifanya kazi kwa haki. Wasichana wa mjini wenye mikono mifupi: leso. Karani mmoja wa reli mwenye kofia kichwani: kofia mkononi, tafadhali. Wanaume wa mapazia waliingia kwa maua na mistari yao. Kogo Chepkemboi, bibi mzee kutoka upande wa Mau, alikuja na ngozi yake ya zamani yenye shanga. Nikamwambia hiyo si nguo ya groto. Akaniuliza imeacha wapi wazi. Nikatazama. Ilimfunika kutoka shingoni hadi kwenye vifundo. Akaniuliza pia mbona mimi ni mnene kwenye vifundo tu. Nikamruhusu aingie haraka.

Halafu gari la Bwana Korongo. Akashuka. Koti la suti, tai, soksi ndefu, na kaptula. Magoti mekundu kwa baridi.

Kimaiyo na wenzake walikuwa wameinua sanamu, tayari kwa maandamano, wakaishikilia hewani. Padri alikuwa ananitazama. Wachuka alikuwa ananitazama. Nilijua nikimpitisha, mimi ni mngoja mlango wa maskini tu. Nikimzuia, Jumatatu shambani ni yake. Nilitamani ardhi inimeze, suruali na yote.

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia Bwana, samahani, kaptula haziingii kwa Mama Maria.

Mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele, akajizuia katikati. Miaka yote hii mtu huyu ametunyima suruali, na leo amerudishwa langoni kwa kukosa suruali, tena na karani wake wa maziwa! Naapa kwa muda ule mfupi nilikuwa mrefu kuliko Korongo.

Yeye hakukasirika. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba mimi nasema kweli, suruali yake imepotea, na dobi atakwenda kesho. Niliangalia mawingu. Ndipo Wachuka akasimama, akatoa leso kubwa ya maua mekundu, akampa. Bwana Korongo akaizungusha kiunoni. Wazee wa kanisa wakamfundisha kuifunga. Akaingia groto na leso, amenyooka, na wala hakuna aliyecheka, maana kwa kweli ilimfunika vizuri.

Sanamu ikapita. Wote wakapiga magoti. Nami nikapiga. Pini za mguu wa kulia zikaachia. Nikavumilia kwa ajili ya Mama. Pini za kushoto zikaachia. Wimbo ukaisha, watu wakainuka, nami nikainuka, lakini nilikuwa nimekanyaga miguu yote miwili ya suruali. Mimi nilipanda. Suruali ilibaki. Kamba ya katani ilikatika, nikaisikia.

Nikawa nimesimama langoni pa groto na ukanda wa buluu na kaptula.

Bwana Korongo alikuwa karibu. Alitazama ile flaneli chini. Akainama, mtu ambaye hainami, akaiokota, akatazama kiraka nyuma ya goti. Akasema, polepole, na kila mtu akasikia:

“Suruali yangu nafika kanisa mbele ya mimi.”

Hapo walicheka. Wote. Kogo Chepkemboi alilazimika kushikiliwa. Karanja alikuwa amesimama na watoto wake mstari wa mbele, naye hakucheka. Alikuwa analia, na alikuwa ananitazama mimi.

Bwana alikwenda nyuma ya jiwe akavaa suruali yake. Nami nikataka kubaki langoni, kazi ni kazi, lakini Kimaiyo aliteremsha sanamu, akaja, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kaptula haziingii. Wachuka akachukua ile leso ya maua mekundu, bado ina joto la Bwana, akanipa. Nilisali misa yote ndani ya leso.

Jumapili, 17 Agosti

Ukanda amepewa Kimaiyo. Padri amenipa kitubio cha kufagia groto hadi Noeli. Bwana Korongo ameniondoa kwenye maziwa, amenipeleka kwa nguruwe, ambako hakuna cha kuandika. Karanja amebaki na kazi yake. Nilimpa mkono baada ya misa. Aliupita.

Yote hayo ningeyameza. Lakini jioni nilikwenda kwa Wachuka kupata jibu langu. Sikukuu imepita, nikamkumbusha.

Akatoa kitu kutoka kwenye kikapu kile kile cha leso. Suruali ndefu ya kaki, mpya, imepigwa pasi. Akanipimia kiunoni juu ya nguo. Kiuno changu. Urefu wangu. Akaniambia alikwenda Nakuru kesho yake baada ya kunipima kutafuta kaki, akaishona usiku baada ya foleni kuisha. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Angenipa Alhamisi jioni. Kile kiraka nyuma ya goti la Bwana alikishona yeye mwenyewe, kwa hiyo alijua tangu Jumatano, na akanipa siku moja ya kuwa mtu. Hata Ijumaa alikuja nayo langoni, kama nitarudi na akili zangu.

Nikanyoosha mikono niipokee.

Akaketi. Akachukua wembe, akaanza kufumua. Mshono kwa mshono, bila hasira. Akasema zitatoka kaptula mbili nzuri, za watoto wa Karanja, wa shule.

Nilitaka kusema neno la maana. Nilisema mshono ni safi sana. Akasema ndiyo, ni safi.

Nilikwenda nikakaa nyuma ya banda la nguruwe nikalia. Ninampenda yule mwanamke. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefikiri wiki nzima. Nguruwe hawamsumbui mtu anayefikiri.

Kwanza, Wachuka. Mwanamke aliyemchukia mtu angeichoma ile suruali. Yeye ameifumua taratibu. Ina maana bado mlango uko wazi kidogo.

Pili, kosa langu liko wapi? Nimechunguza dhamiri yangu kwa ukali. Si katika kuazima. Kila mtu pale langoni alikuwa ameazima kitu, hata Bwana. Kosa ni moja tu: urefu. Ningeazima kwa mtu wa kimo changu, kusingekuwa na pini, wala kamba ya katani, wala aibu. Leo ningekuwa mchumba wa mtu.

Tarehe 8 Septemba ni Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Kutakuwa na maandamano mengine, na Wachuka atakaa na kikapu chake. Leo nilipokwenda kuungama nilisimama karibu na Padri Donato akifungua mlango wa sakristia. Bega kwa bega! Kimo kimoja kabisa, na kiuno pia. Ana kanzu mbili nyeupe. Moja huanikwa kila Jumatatu nyuma ya misioni, na misioni hakuna mbwa.

Inafunika magoti, inafunika vifundo, inafunika kila kitu. Nguo ya heshima kuliko zote. Wachuka akiniona nimesimama mbele yake ndani ya kanzu ya Padri, atanikataaje tena nikimposa?